HERUFI MBILI ZA TUVALU: Kaka Asiyesemezwa

Mlionilaani wiki nzima kwa kumwacha Pelenike mlangoni, haya, nimerudi kumtoa.

Alikuwa ameshika kitasa. Ofisi ni yake, mlango ni wake, lakini mkono ulikataa kusukuma. Asubuhi ile kila mtu Funafuti aliamini kwamba Pelenike yuko ndani ya meli, anaelekea visiwa vya nje kikazi. Meli aliiacha ing'oe nanga bila yeye. Kilichomrudisha ni wasiwasi tu, ule usiosema unachotaka.

Ndani ya ofisi watu wawili walikuwa wakizungumza. Mmoja ni Bwana Whitcombe wa kampuni ya Meridale. Wa pili ni Malaea, shoga yake Pelenike tangu walipokuwa wanaogelea uchi.

"Ameshaondoka," Malaea alisema. "Anajua kipengele cha kumi na moja kimefutwa."

"Akirudi je?"

"Atarudi kwa kuogelea? Tulia, Bwana. Saa sita mchana tunatia sahihi ukumbini mbele ya watu, unapanda ndege yako, unakwenda zako."



Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, habari yenyewe ni hii. Kila nchi ina herufi zake mbili za kumalizia anwani za mtandao. Za Tuvalu ni TV, ndizo hizo hizo watu wa dunia wanazoitia televisheni zao, kwa hiyo kila mwenye picha ya kuonyesha anazitaka, na anazikodi. Nchi haina dhahabu wala mafuta. Ina nazi, ina samaki, ina herufi mbili.

Meridale ilileta mkataba mpya, na katikati ya maneno matamu kimechomekwa kipengele cha kumi na moja. Kinasema hivi: siku bahari itakapoimeza Tuvalu hata pasibaki pa kukaa mtu, herufi zile zitakuwa mali ya Meridale moja kwa moja.

Pelenike ndiye aliyekabidhiwa kulinda jina hilo la taifa mtandaoni, na kipengele kile alikikataa kwa meno na kucha. Siku nchi ikizama, alisema, jina ndilo litakalokuwa nchi. Watoto watatawanyika Auckland, Brisbane, Suva na kwingineko, lakini wakiandikiana watakuwa na anwani ya kwao. Ukiuza na hilo, umebaki na nini?

Wa kutia sahihi hakuwa yeye. Alikuwa Apinelu, katibu wa serikali, mtoto wa baba yake mdogo. Na hapo ndipo penye mtihani. Kwao, kaka na dada wa namna hiyo wakishapevuka hawasemezani tena. Hawakai chumba kimoja. Mmoja akiingia, mwingine hutoka, na hakuna anayeuliza kwa nini, maana ndiyo heshima yenyewe. Wakubwa kazini walilijua hilo wakapanga kazi kwa kulifuata: neno la Pelenike kwenda kwa Apinelu, na neno la Apinelu kuja kwa Pelenike, yote yalipitia kinywa cha mtu mmoja anayeaminiwa na pande zote mbili.

Msaidizi wa Apinelu. Shoga wa Pelenike. Malaea.

Whitcombe alitoka kwa mlango wa nyuma huku akipiga mluzi. Hapo Pelenike akausukuma mlango wa mbele.

"We Pele!" Malaea aliruka kama aliyekanyaga kaa. "Meli si..."

"Meli imekwenda. Endelea. Nilisikia nitarudi kwa kuogelea."

Malaea alitafuta kiti, hakukiona, akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Uliniambia Apinelu amekifuta," Pelenike alisema. "Uliapa, Malaea. Ulishika Biblia ya mama yako ukaapa."

"Sikuishika. Niliweka mkono karibu."

"Mkono karibu!"

"Ndiyo. Karibu."

Pelenike alitaka kucheka na alitaka kumzaba kofi, akashindwa yote mawili.

"Na Apinelu umemwambia nini? Kwamba nimekubali? Kwamba mimi, Pelenike, nimelitoa jina hivi hivi?"

Malaea akageuza uso.

"Nakuuliza. Kaka yangu anajua au hajui?"

Malaea akaanza kulia. Alilia bila kujifuta, pua nayo ikishirikiana, na Pelenike akalichukua chozi lile kuwa ndilo jibu. Hajui! Maskini, atatia sahihi kwa mkono wake mwenyewe na hajui anachokiidhinisha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Pelenike alisema. "Wamekupa nini?"

"Hawajanipa. Wameniahidi."

"Nini?"

"Pa kukaa."

"Wapi?"

"Pakavu!" Sasa Malaea alipandisha sauti. "Unajua ni nini pakavu, Pele? Nyumba yako iko juu, yangu iko wapi? Maji makuu ya mwezi wa pili yaliingia mpaka jikoni. Watoto walilala juu ya meza. Shimo letu la magimbi limeingia chumvi, nimeyachimba yameoza yote, hata nguruwe kayakataa. Halafu wewe unaniambia herufi. Nitawachemshia wanangu herufi?"

 Kweli ikisemwa na msaliti inabaki kuwa kweli, na hilo ndilo lililomuuma.

"Jina si langu wala si lako," akasema mwishowe. "Naenda kumwambia Apinelu."

"Utamwambiaje?" Malaea alisimama, machozi yakiwa bado mashavuni. "Utaingia ukumbini alipo? Utamwita kwa jina mbele ya visiwa vyote? Mama yako yuko pale, kavaa gauni lake jipya la kanisani. Umuue kwa aibu mchana kweupe?"

Kisha, kabla Pelenike hajafumba na kufumbua, akaunyakua ufunguo wa pikipiki uliokuwa mezani, akapita mlangoni. Nje injini ikanguruma. Ilikuwa pikipiki ya Pelenike.

Na jua lilikuwa linapanda.

Mnauliza, simu je? Alipiga. Aliwapigia watatu aliojua wako ukumbini, na hakuna aliyepokea, maana ngoma ilikuwa imepamba moto. Wanaume kumi wakilipiga sanduku la mbao kwa viganja na wanawake wakiitikia, hata radi hupita haisikiki. Simu ya Apinelu? Namba hiyo hajawahi kuibonyeza maisha yake yote.

Akatoka mbio. Ofisi iko upande wa bahari kuu, ukumbi uko upande wa bahari ya ndani iliyo tulivu, na katikati ya pande hizo mbili ni uwanja wa ndege, mrefu kuliko pumzi ya mtu. Hakufika mbali, kwani pikipiki nyingine ilimkaribia kwa nyuma ikipiga honi ya kukera.

"Nani huyo anakimbia kama kaiba?" Ni Shangazi Sose, dada wa baba zao, Pelenike na Apinelu wote. Mbele yake, juu ya tangi, alikuwa amempakata nguruwe mdogo wa kuoka, amefungwa kwa majani, anafuka moshi. "Si umekwenda safari wewe?"

"Shangazi, nipeleke ukumbini. Nakuomba."

"Ukumbini alipo Apinelu?"

"Huko huko."

Shangazi Sose alimtazama, kisha akaachana na maswali kwa sababu nguruwe alikuwa anapoa. "Panda. Mpakate huyu. Ukimwangusha, tusisemezane mpaka siku ya ufufuo."

Wakaenda, nguruwe akimuunguza Pelenike mapaja, naye akisimulia sikioni mwa shangazi, maneno yakichukuliwa nusu na upepo. Mkataba. Kipengele. Malaea. Mkono karibu na Biblia.

"Nilimjua huyo Malaea tangu mdogo," Shangazi Sose akafoka. "Kwenye mchezo wa mpira alikuwa anahesabu pointi zake mara mbili!"

Walipofika ukingoni mwa uwanja wa ndege, king'ora kikalia.

Ndege inakuja! Gari la zimamoto lilikuwa tayari linapita kufukuza watoto na mipira yao, mbwa na usingizi wao, mama mmoja na mkeka wake wa kuanikia. Mlinzi mwenye kizibao cha rangi ya chungwa akanyoosha mikono.

"Hapana kupita."

"Mwanangu, hiyo ndege bado iko mawinguni," Shangazi Sose alisema.

"Sheria, shangazi."

"Sheria imekula leo? Nitakukatia paja."

"Shangazi, hata ukinipa na kichwa chake."

Wakasimama. Ng'ambo, nyuma ya minazi, paa la ukumbi lilionekana, na sauti ya sanduku ilifika waziwazi, ikizidi kasi na kasi na kasi, kama inavyokuwa wimbo unapokaribia mwisho. Halafu ikakata.

Ngoma imekwisha. Baada ya ngoma ni dua, na baada ya dua ni kalamu.

 Kichwani Pelenike alikuwa akigeuza jambo moja huku na huku, na ghafla likakaa sawa.

"Shangazi. Mimi nikiingia alipo Apinelu, nani atatoka?"

"Mwenye adabu."

"Apinelu ana adabu?"

"Nimemlea mimi!" Shangazi Sose alichukia hata kuulizwa. "Atatoka hata kama nje kunanyesha mawe."

"Basi sihitaji kumsemesha. Nitaingia nikae tu. Yeye ataacha kalamu, atatoka. Akitoka, wewe unamdaka nje, unamwambia yote."

Shangazi Sose alifikiri, akacheka mpaka pikipiki ikatikisika. "Lo! Ulikuwa wapi siku zote, mjinga wangu? Unamfukuza kwa heshima!"

Ndege ikatua, ikawapita kwa kishindo kilichowajaza vumbi machoni. Mlinzi hajashusha mikono vizuri, wao walikuwa wameshapita chini ya kwapa lake.

Ukumbini palikuwa pamejaa. Kila kisiwa kilikuwa na upande wake, watu wake na mikeka yake, na wazee wameegemea nguzo walizoegemea baba zao. Bwana Whitcombe alikaa mbele, shada la maua limemwangukia jicho moja. Kando yake meza fupi, juu ya meza karatasi, na mbele ya karatasi Apinelu, mtu mnene mpole, kalamu mkononi. Nyuma ya Apinelu alikaa Malaea, nywele zimevurugwa na upepo wa pikipiki ya watu.

Dua ilikuwa inaisha. "Amina" ya watu wote ndiyo iliyompokea Pelenike.

Aliingia ameinama, kwa kuwa mle hapiti mtu amesimama wima wakati wazee wameketi. Alipita akiomba radhi kulia na kushoto, akaenda moja kwa moja kwenye mikeka ya wanawake wa kisiwa chao, kile kidogo cha kusini, akakaa mbele kabisa, ubavuni mwa mama yake.

Mama akamfinya pajani, pale pale nguruwe alipounguza.

"Mwendawazimu! Umepotea njia? Humwoni kaka yako?"

"Namwona, mama."

"Toka!"

"Sitoki."

Mnong'ono ukaanza, ukasambaa, ukafa. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Apinelu.

Apinelu aliinua macho. Alimwona. Akayashusha haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta mtu anavaa. Kalamu ikalala mezani. Akainuka nusu, akaomba radhi kwa wazee, akaanza kuondoka akiwa ameinama, na mwili wake wote ule ukapita kati ya nguzo mbili ukatokea nje juani.

Pelenike alifumba macho kwa furaha. Imefanikiwa! Karatasi imebaki nyeupe pale panapotakiwa jina. Alitaka kumkumbatia mama yake, kufinya na kila kitu.

Alipofumbua macho alimwona Bwana Whitcombe, na Bwana Whitcombe alikuwa anatabasamu.

"Nimefundishwa mila zenu," alisema, na Malaea akaitafsiri kauli hiyo kwa sauti ya ukumbini. "Ni mila nzuri, naiheshimu. Ndiyo maana tumeandika kwamba katibu akipata udhuru, msaidizi wake anatia sahihi mahali pake."



Msaidizi ni Malaea.

Mnaona alichokifanya? Kwa mguu wake mwenyewe ameingia, kwa adabu yake mwenyewe amemtoa kaka yake, na kalamu ameikabidhi kwa yule yule aliyeshindana naye mbio tangu asubuhi. Malaea alikuwa amewahi kufika, na alikuwa ameshamwambia Whitcombe kwamba Pelenike atakuja.

"Wazee!" Pelenike alipaza sauti. "Kuna kipengele cha kumi na moja..."

"Zamu yako haijafika!" Huyo ni Mzee Lapana, msemaji wa ukumbi, mwenye sikio moja zima na hasira za masikio mawili. "Neno la mkataba ni la katibu. Katibu akisema usimame, utasimama. Katibu hajasema."

"Katibu hajui!"

"Basi aje aseme kwamba hajui!"

Watu wakacheka. Pelenike akatazama nje. Bado liko tumaini moja, na tumaini hilo linanuka nguruwe. Kupitia kati ya nguzo alimwona Shangazi Sose amemkabili Apinelu njiani, mikono inapaa, mdomo unakwenda. Msikilize, kaka. Simama umsikilize.

Apinelu alimpita.

Hakumsukuma, hakumjibu. Alimpita tu, akashika njia ya minazi kuelekea bahari ya ndani, na alikwenda kwa haraka kuliko heshima ilivyotaka. Shangazi Sose alibaki ameshika kiuno, mdomo wazi.

Ndani, Malaea alikuwa amesogea mezani. Alichukua kalamu. 

Kuna wakati mtu anahesabu aibu zake akachagua kubwa kuliko zote. Pelenike alisimama. Alisimama wima, kichwa juu ya vichwa vya wazee wa visiwa vyote, akasikia mama yake akisema "Mungu wangu," na akamwita kaka yake kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipokuwa msichana.

"Apinelu!"

 Kibibi kimoja kikaziba masikio.

"Kaka Apinelu! Rudi! Kipengele hakikufutwa, kimo ndani! Malaea ametudanganya sote wawili!"

Kule kwenye minazi, Apinelu akasimama.  Halafu akageuka. Akarudi polepole mpaka ukingoni mwa ukumbi, akashika nguzo, na akamtazama dada yake usoni. Alikuwa amezeeka. Pelenike hakuwahi kulijua hilo, kwa kuwa hajawahi kumtazama.

"Hajanidanganya," Apinelu alisema.

"Nini?"

"Malaea hajanidanganya mimi. Nilimtuma. Kipengele hicho nilikiandika mimi mwenyewe, dada."

 Pelenike alijikuta amefika mezani bila kujua amepitaje, na kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya karatasi, pale pale kalamu ilipotaka kushuka. Malaea hakukiondoa. Alionekana kama mtu anayeshukuru kupumzishwa.

"Eleza," Mzee Lapana aliamuru, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Apinelu alizungumza na wazee, lakini macho yalikuwa kwa dada. "Meridale wametununulia ardhi Fiji. Nimekwenda, nimeikanyaga. Ina kilima. Ina mto, wazee wangu. Maji yanapita bure mchana na usiku, hayana chumvi. Hawakutaka kitu kingine ila jina, na jina hawalichukui leo. Wanalichukua siku tusipokuwepo hapa. Nikasema, siku hiyo jina la nini?"

Watu walipumua. Mama mmoja aliangua kilio cha furaha. Kutoka upande wa kaskazini mzee mmoja akauliza swali lililopaswa kuulizwa.

"Wametununulia sisi nani, katibu? Tuvalu nzima inaenea kwenye kilima hicho?"

Apinelu akatazama mikono yake.

"Sema."

"Watu wa kwetu," alisema. "Kisiwa chetu. Hakitoshi zaidi ya hapo."

Lahaula! Palilipuka. Pande zote za ukumbi ziliinuka, mashada yakavuliwa yakatupwa, mtu akamwita mwizi, mwingine akamwita jina ambalo gazeti hili halichapishi. Herufi za watu wote zimeuzwa, kimepona kisiwa kimoja! Bwana Whitcombe aliangalia saa, akaangalia njia ya uwanja wa ndege.

"Ndiyo!" Apinelu alipiga kelele juu ya kelele zao. "Nimepata mtumbwi mmoja, nimepakia wangu! Nani kati yenu angempakia wa mwenzake kwanza? Asimame nimwone!"

Waliokuwa wamesimama wakaanza kuketi mmoja mmoja.

Pelenike alikuwa analia na hakujali. "Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza. "Tungefikiri pamoja. Tungepata njia. Miezi yote hii, kwa nini hukuniambia mimi?"

Apinelu alimtazama kwa huzuni iliyomfika kila aliyekuwepo.

"Ningekuambiaje, dada?"

 Bahari ilisikika pande zote mbili.

Malaea, kalamu mkononi, aliinua uso. Sauti yake haikuwa ya ukumbini tena, ilikuwa ile ya shoga wa utotoni. "Pele, mimi nimechoka. Niambie wewe. Nitie au nisitie?"

Visiwa vyote vilikitazama kiganja cha Pelenike. Akikiondoa, kisiwa chao kina mto, na Tuvalu haina jina. Akikiacha, jina litabaki, na maji makuu yatakuja tena mwezi wa pili kama yalivyokuja.

"Pele."

Haikuwa sauti ya Mzee Lapana wala ya Apinelu. Ilitoka chini, kwenye mikeka ya wanawake, na Pelenike aliijua kabla hajageuka. Mama yake alikuwa ameketi vile vile, gauni jipya limekunjwa vizuri magotini, wala hakuonekana kushangazwa na lolote lililosemwa.

"Ondoa mkono, mwanangu," mama alisema. "Mizigo nimeshafunga."